Kifundo kinachouma: mwongozo kwa mpiga gitaa anayeshinda kwenye kompyuta

Mchana nachapa barua, wasifu na fomu za mtandaoni katika duka la kompyuta Langoni, hapa Lamu. Usiku, mwezi wa Shaabani harusi zinapofuatana, napiga gitaa katika kikundi cha taarabu. Mkono wa kushoto ulipoanza kufa ganzi usiku wa manane, ikawa nauamsha kwa kuukung'uta kando ya kitanda, nililaumu gitaa. Nikaliacha wiki tatu. Mkono haukupata nafuu hata kidogo, kwani kila siku ulikuwa umekunjika juu ya kibodi kwa muda wa saa nane. Mkono hauna daftari mbili, moja ya kazi na moja ya muziki. Yote unayaandika ukurasa mmoja, na haya ninayoyaeleza yanaanzia hapo.

Hatua ya 1: Jua kinachouma ni nini

Kifundo cha mkono kina vifupa vinane vilivyopangika mfano wa mfereji, na juu ya mfereji huo umelala ukanda mgumu. Humo ndani zinapita kano tisa za kukunjia vidole, pamoja na neva moja, yaani mshipa wa fahamu. Nafasi ni hiyo hiyo, haitanuki. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa muda mrefu, neva ndiyo inayobanwa.

Sasa angalia vidole vyako. Ganzi ikiwa kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, shuku neva hiyo. Kidole cha mwisho kikiwa ndicho kinachokufa ganzi, tatizo huenda liko kwenye kiwiko; acha kuegemeza viwiko mezani. Maumivu yakiwa upande wa gumba, yanachoma ukiinua ndoo au ukimbeba mtoto, hizo ni kano za gumba. Unaweza pia kukutanisha migongo ya viganja mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, ukakaa hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole vile vya kwanza, umepata dalili, ingawa si hukumu ya daktari.

Hatua ya 2: Hesabu saa zote pamoja

Siku saba, andika saa za kuchapa, za gitaa na za simu mkononi. Simu usiiache. Mimi niligundua kwamba siku zangu mbaya zilikuwa zile za wateja wengi zilizofuatiwa na mazoezi. Siku ya harusi peke yake haikuniumiza hivyo. Tangu hapo siku ya kuchapa sana nafanya mazoezi ya dakika ishirini, basi.

Hatua ya 3: Nyoosha kifundo mezani

Kunja vile vijiguu viwili vya nyuma ya kibodi, vinakunja kifundo kwenda juu bila faida yoyote. Inua kiti, au weka mto, mpaka viwiko vilingane na meza. Kipanya kiwe karibu na kibodi, usikifuate kwa mkono ulionyooka. Ukitumia laptopu, iinue kwa vitabu na utafute kibodi ya kando. Kila nusu saa shusha mikono, iachie ining'inie dakika moja. Kwangu mteja akitoka ndiyo kengele.

Hatua ya 4: Gitaa lenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wetu tunapokosea kwa sababu tulijifunza kwa kuangalia wenzetu.

Anza na kukaa. Shingo ya gitaa ikilala sambamba na sakafu, kifundo cha kushoto lazima kikunjike ili vidole vifike kwenye nyuzi. Weka gitaa juu ya paja la kushoto, mguu wa kushoto juu ya kigoda cha kimo cha karibu shibiri moja, shingo ipande mpaka kichwa cha gitaa kikaribie usawa wa macho yako. Usipokuwa na kigoda, vaa mshipi wa gitaa hata ukiwa umekaa. Tazama kifundo chako kwenye kioo: kigasha na mgongo wa kiganja vifanye takriban mstari mmoja. Mkono wa kulia nao, ukingo wa gitaa usiukate kigasha.

Kisha nguvu. Mzee mmoja mpiga udi alinitazama nikishika kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, akaniambia, "Mwanangu, wakaza mno. Gitaa si punda, halikimbii." Akanifundisha hivi: weka kidole kwenye uzi bila kubonyeza, piga, usikie sauti mfu. Ongeza nguvu kidogo kidogo. Uzi utalia kwa kukwaruza, halafu utasafika. Pale unaposafika, simama. Nilishtuka kuona nilikuwa nabonyeza kupita kiasi maradufu. Kidole kiwe karibu kabisa na chuma cha freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa, maana katikati ya freti mbili huhitaji nguvu zaidi. Halafu ondoa gumba nyuma ya shingo na ujaribu kodi ile ile kwa uzito wa mkono tu. Huwezi kupiga harusi hivyo, lakini dakika mbili kila siku zitaufundisha mkono kutobana.

Mwisho, nyuzi. Badala ya seti inayoanza na uzi wenye unene wa inchi 0.012, funga ya 0.010. Legeza nyuzi zote nusu toni. Mvutano hupungua kwa takriban asilimia 11. Weka kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, sauti itarudi pale pale na mwimbaji hatajua. Na kwa sisi wa pwani, unyevu huvimbisha mbao na nyuzi hupanda juu ya shingo bila wewe kuona, kwa hiyo mpe fundi azishushe.

Hatua ya 5: Pasha moto, usichue

Kabla ya kupiga, tia mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano. Kisha nyoosha vidole, vikunje kama kulabu, fumba ngumi laini, nyoosha tena. Mara tano, polepole. Ganzi ikizidi, acha.

Kuchua kwa nguvu sikushauri kabisa. Nilichuliwa kwa mafuta ya simsim mpaka machozi yakanitoka, na asubuhi yake nilishindwa kushika kikombe cha chai. Neva iliyobanwa haitaki kubanwa tena.

Hatua ya 6: Usiku

Tukilala tunakunja mikono bila kujijua. Nunua kwenye duka la dawa kishikizo cha kifundo chenye kibati ndani, uvae usiku, kifundo kikiwa kimenyooka. Mimi nilianza na gazeti nililolikunja na kulifunga kwa kipande cha leso, bila kukaza. Baada ya wiki chache nikaanza kulala hadi alfajiri.

Hatua ya 7: Wakati wa kwenda hospitali

Nenda ikiwa ganzi haiondoki hata mchana, vitu vinakuanguka, nyama ya shina la gumba inanywea, umeanguka juu ya mkono, au kifundo kimevimba chekundu na una homa. Wenye kisukari, wenye tatizo la tezi ya shingo na wajawazito wasisubiri, kwani hali hizo nazo huleta ganzi hii. Kuna sindano, na kuna upasuaji mdogo wa kukata ule ukanda ili neva ipate nafasi. Neva iliyobanwa muda mrefu inaweza isirudi yote.

Hatua ya 8: Kurudi jukwaani

Anza na dakika kumi asubuhi na kumi jioni, bila kodi za kulaza kidole juu ya nyuzi zote. Ikipita wiki bila ganzi, ongeza dakika tano. Na usiku wa harusi, kabla hamjaanza, mwambie kiongozi wa kikundi wazi kwamba baada ya kila nyimbo mbili wimbo wa tatu utamwachia mwenye udi. Nyimbo zetu ni ndefu, na dakika kumi na tano za mikono kulala mapajani zinatosha kuufikisha mkono hadi bibi harusi atolewe.