Poka ya watu wawili: kucheza Texas Hold'em ana kwa ana

Mchezaji aliyezoea meza ya watu tisa akikutana na mpinzani mmoja tu, kinachomwangusha ni subira. Anangoja karata nzuri. Lakini jozi mkononi (karata mbili zinazolingana) huja mara 1 katika mara 17 hivi, na wakati anaisubiri blaindi, yaani dau za lazima zinazotolewa kabla ya kucheza, zinamtafuna kila mgao huku mwenzake akiokota vitita (fedha zilizowekwa mezani) bila jasho. Hapa nazungumzia Texas Hold'em (kila mchezaji ana karata mbili za siri, na tano za pamoja hufunuliwa mezani) isiyo na kikomo cha dau, blaindi zikiwa 50 na 100, na kila mmoja ana 10,000 mbele yake.

Hatua ya 1: Uliza makato

Kama mnacheza kasino, ulizia kwanza nyumba inakata kiasi gani kwenye kila kitita. Mkiwa wawili, mikono (yaani migao) mnayocheza kwa saa moja ni mingi sana, na makato makubwa yanaweza kumeza faida yenu nyote wawili. Yakiwa makubwa, usikae.

Hatua ya 2: Ijue thamani ya kuwa mgawaji

Mgawaji ndiye anayetoa blaindi ndogo. Kabla ya karata za mezani anaamua wa kwanza. Kuanzia flopu, yaani zile karata tatu za mwanzo, hadi karata ya tano, anaamua wa mwisho. Anaona mwenzake amefanya nini kabla hajatoa hata shilingi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu yao Cepheus, ambayo ilikuwa imeufumbua karibu kabisa mchezo wa wawili wa dau lenye kikomo. Moja ya waliyothibitisha ni kwamba mgawaji ana faida hata wote wawili wakicheza bila kosa. Karibu kila ninachoshauri hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya 3: Ukigawa, shambulia

Pandisha dau hadi 250 kwa ree yoyote, mfalme yeyote, jozi yoyote, karata zinazofuatana, na nyingi za aina moja (kopa kwa kopa, shupaza kwa shupaza). Malkia na 7 za aina tofauti, ambazo kwenye meza iliyojaa ungezitupa bila kufikiri, hushinda zaidi kidogo ya nusu zikipambana na karata zozote mbili. Mimi hutupa takataka halisi tu, kama 7 na 2 au 8 na 3. Kiasi kiwe kilekile, uwe umeshika ree mbili au 6 na 5. Ukipandisha kwa nguvu pale tu unapokuwa na karata kali, mtu makini atakusoma mapema.

Hatua ya 4: Tetea blaindi kubwa kwa hesabu

Amepandisha hadi 250. Kitita kina 350, nawe unatakiwa kuongeza 150. Ukilipa (ukifikia dau lake) kinakuwa 500, kwa hiyo unahitaji ushindi wa asilimia 30 tu. Hata 7 na 2 hufikia kama asilimia 35 dhidi ya karata zozote! Ila usidanganyike: baada ya flopu utaanza wewe kuamua, na mara nyingi utafukuzwa kabla ya karata ya tano, hivyo asilimia hiyo hutaivuna yote. Tupa mbovu kabisa na ulipie za wastani. Kali zako, tuseme jozi za 10 kwenda juu na ree na mfalme, zipandishe tena hadi 1,000 hivi. Changanya na chache za kuzugia (kujifanya una karata kali), kama ree na 4 za aina moja, kwa sababu ree iliyo mkononi mwako inapunguza uwezekano kwamba yeye ameshika mbili.

Hatua ya 5: Kwenye flopu, dau dogo

Karata mbili zisizo jozi huikosa flopu takriban mara 2 kati ya 3. Na yeye anaikosa vivyo hivyo. Kitita kikiwa 500, mgawaji akiweka 170, mwenzake akitupa zaidi kidogo ya mara 1 kati ya 4 dau hilo limeshajilipa. Flopu ya mfalme, 7 na 2 za aina tatu tofauti inafaa sana kwa hilo. Ya 9, 8 na 7 yenye kopa mbili haifai; inamgusa sana mwenye blaindi kubwa, kwa hiyo pita (usiweke dau) mara nyingi zaidi.

Hatua ya 6: Msome mtu, si karata

Pesa nyingi hupatikana hapa. Karata zinapofunuliwa mwishoni, wengi hutazama nani ameshinda, basi. Wewe rudi nyuma: akiwa na karata hizo, kwenye flopu alifanya nini? Kwenye ya nne je? Aliyepita akiwa na jozi ya juu (iliyofungwa na karata kubwa kuliko zote za mezani) atapita tena siku nyingine, na kupita kwake usikuhesabu kuwa udhaifu.

Anayetupa ovyo, mzuge bila huruma. Anayelipia kila kitu usimzuge kamwe. Ukiwa hata na jozi ya pili, weka dau, atakulipa na jozi ndogo. Anayeshambulia bila kukoma ndiye humtesa mgeni. Mpishe, lipia kwa jozi ya katikati, umwache amwage fedha zake mwenyewe.

Naye anakusoma. Januari 2017, huko Pittsburgh, programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wataalamu wanne katika mikono 120,000. Kila usiku ilikuwa ikiziba mianya ambayo wataalamu wale waliishambulia mchana. Fanya hivyo pia: baada ya kucheza, andika mikono iliyokusumbua na ujiulize mpinzani angejifunza nini juu yako.

Hatua ya 7: Ukibaki na kidogo

Ukifika 1,000, yaani blaindi kubwa 10, kupandisha kidogokidogo hakuna maana tena. Ukiwa mgawaji, weka zote au tupa, na zaidi ya nusu ya mikono inastahili kuwekwa zote. Mwenye blaindi kubwa alipie kwa mikono michache kuliko hiyo, kwani anayesukuma (anayeweka zote) hushinda kwa mwenzake kutupa au kwa karata zake, ilhali anayelipa anategemea karata peke yake. Malkia na 8 za aina tofauti, kwa mfano, sukuma. Ukisukumiwa na mtu ambaye huthubutu akiwa na karata kali tu, zitupe.