Pampu ya petroli ya Morris Minor ikiziba, usikimbilie kununua nyingine

Pampu ya umeme ya SU (jina la kampuni iliyoitengeneza) iliyo kwenye Morris Minor ni chombo kigumu. Hapa Mombasa, mara nyingi si yenyewe iliyokufa, bali imezibwa na kutu ya tangi. Gari likikaa muda mrefu na petroli kidogo, unyevu wa hewa hugeuka maji ndani ya tangi na bati huanza kuliwa. Nawasihi wenzangu: tafuteni kwanza pameziba wapi.

Fanyia kazi hii nje. Gereji ikiwa jirani na kibanda cha viazi karai, sogeza gari mbali na jiko.

Hatua ya 1. Washa swichi bila kupiga stata, usikilize. Pampu igonge mara chache kisha inyamaze kabureta ikijaa. Ikigonga mbio bila kukoma, inavuta hewa au tangi limekauka. Ikigonga kwa uzito, pameziba. Ikiwa kimya kabisa, kagua waya, kisha safisha pointi za pampu (ncha mbili zinazogusana kupitisha umeme) kwa kupitisha ukanda wa karatasi ngumu katikati yake.

Hatua ya 2. Legeza kifuniko cha tangi. Hewa ikiingia kwa mluzi na pampu ikachangamka, zibua tundu la kifuniko. Umemaliza.

Hatua ya 3. Zima swichi, fungua paipu inayotoka tangini pale inapoingia kwenye pampu, pangusa petroli yote, kisha washa kidogo. Pampu ikikimbia, ni nzima. Uchafu uko kwenye paipu. Puliza kwa kompresa kurudi tangini, kifuniko kikiwa wazi. Usipulize kamwe kupitia pampu, utaharibu vali zake.

Hatua ya 4. Ikibaki nzito, ioshe. Toa betri kwanza: kwenye Minor, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, kwa hiyo anza na hiyo. Kinga chombo chini, fungua plagi ya chini ya pampu, vuta chujio la waya, lisugue kwa brashi na petroli. Kisha fungua nati ya paipu inayokwenda kwenye kabureta, utoe vali. Panga vipande kwenye gazeti kwa mfuatano wake, kwani hapa ndipo wengi hukosea: kisahani cha shaba hurudi upande laini ukitazama chini. Utando wa petroli ya zamani hulainika kwa spiriti. Ringi za faiba (washa) za kuzuia kuvuja ziwe mpya.

Ukishauriwa ufunge pampu ya gari la injekta, kataa. Presha yake ni kubwa mno. Itaisukuma sindano ya kabureta na petroli itamwagika juu ya injini ya moto.

Hatua ya 5. Rudisha betri, elekeza paipu ya kabureta kwenye chupa, washa. Petroli itoke kwa nguvu, bila mapovu. Mapovu yakionekana, kaza viungo vya upande wa tangi. Baada ya wiki chache fungua chujio tena: ukikuta vumbi jekundu, teremsha tangi ulioshe.