Angalia saa kwanza, vipele baadaye

Kama kondomu imepasuka jana, au haikuwepo kabisa, acha kujikagua ulimi kwenye kioo ukitafuta dalili za VVU. Hesabu saa. Kabla saa 72 hazijapita unaweza kuanzishiwa PEP, dawa za kuzuia VVU visishike mwilini. Zinamezwa siku 28 bila kuruka, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Kwa hiyo hata kama ni Jumamosi usiku, nenda hospitali, sema ukweli wote. Usingoje Jumatatu.

Dalili hazitakusaidia. Homa ni ya malaria pia, na huu upepo wa Dodoma wa Juni na Julai, baridi kavu na vumbi, unamkausha koo kila mtu kuanzia Majengo mpaka Ihumwa. Mwingine ameambukizwa na hana hata mafua. Halafu hofu yenyewe inaharisha, nisikufiche.

Saa 72 zimepita? Kapime sasa ujue unaanzia wapi, kisha rudia baada ya miezi mitatu. Kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na VVU, na huchukua wiki kadhaa kuwatengeneza. Kupima kila baada ya siku nne ni kujitesa bure. Unaogopa kukutana na shemeji kwenye foleni? Kuna vipimo vya kujipima kwa mate. Kikionyesha maambukizi, lazima majibu yathibitishwe kituoni.

Waombe wakupime na kaswende. Na mpaka majibu ya pili yatoke, kondomu kila mara, hata na wa nyumbani.