Gokarna: mwongozo kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko India

Ukisoma Bengaluru, Pune au Mangaluru, kila likizo wenzako watakuvuta Goa. Kama unachotaka ni bahari isiyo na muziki usiku kucha, teremka kusini zaidi hadi Gokarna, jimbo la Karnataka. Minazi, wavuvi, mashamba ya mpunga: mtu wa Tanga au Malindi atapazoea siku hiyo hiyo.

Ila jua unakokwenda. Gokarna ni mahali pa ibada kabla ya kuwa mahali pa matembezi. Wahindu husimulia kwamba Ravana, mfalme wa Lanka, alipewa na mungu Shiva mwenyewe lingamu, yaani jiwe takatifu linalomwakilisha Shiva, kwa sharti asilitue chini mpaka afike kwake. Jua likamchwea Gokarna, na saa ya sala ikawadia. Mungu Ganesha, mwana wa Shiva, akamjia kwa sura ya kijana mchunga ng'ombe, akampokea lile lingamu, kisha akalitua. Ravana alivuta kwa nguvu zake zote, halikung'oka. Hapo ndipo lilipo hekalu la Mahabaleshwar, na ndiyo sababu mahujaji hutoka mbali, wakaoga baharini na kwenye bwawa la Koti Tirtha kabla ya kuingia hekaluni. Wengine huja na majivu ya wazazi wao. Ukiikuta familia imeketi mchangani na kuhani, zunguka mbali na usipige picha. Hiyo ni matanga.

Mwanamume huingia hekaluni kifua wazi, amejifunga dhoti, ambayo huvaliwa karibu kama kikoi chetu. Mwanamke huvaa sari au gauni refu na suruali. Asiye Mhindu hafiki chumba cha ndani lilipo lingamu. Usibishane mlangoni.

Ufuko wa mjini ni wa mahujaji, kwa hiyo nguo za kuogelea zipeleke Kudle au Om. Kati ya fuko hizo mbili kuna njia ya miguu juu ya mwamba, nzuri sana asubuhi. Giza likiingia, chukua bajaji. Ukipewa bangi, kataa palepale: sheria ya India ya dawa za kulevya ya 1985 ni kali, na kesi moja inaweza kukutoa chuoni na nchini.

Makaratasi nayasisitiza kuliko yote. Nyumba ya wageni ikimpokea raia wa nje, lazima itume taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C. Baadhi ya zile ndogo hazijajisajili, hivyo utaambiwa tu vyumba vimejaa, nawe umesimama nje na begi usiku. Piga simu kabla, sema wewe ni mgeni, uliza kama wanajaza Fomu C. Beba pasipoti yenyewe, viza na kibali cha ukaazi cha FRRO, ofisi inayosajili wageni.

Kutoka Bengaluru kuna mabasi ya usiku. Kwa treni, shuka kituo cha Gokarna Road, kama kilomita 10 kutoka mjini. Treni nyingi za reli ya Konkan, ile ya pwani, hazisimami pale, basi tazama pia vituo vya jirani, Ankola na Kumta. Patana nauli ya bajaji kabla ya kupanda.

Nenda kati ya Novemba na Januari. Juni hadi Septemba ni mvua za kusi: bahari huchafuka na vibanda vingi vya ufukweni hufungwa. Wakati wa Maha Shivaratri, sikukuu ya Shiva ya Februari au Machi, umati huvuta kwa kamba gari kubwa la mbao la hekalu. Ni jambo la kuonwa, lakini vyumba huisha mapema mno.