Ukitaka kusifia bila makelele, kanusha kinyume chake

Wadau, ukiandika kitu na unataka msomaji aelewe ni kikubwa bila kumpigia makelele, chukua kinyume chake afu ukikanushe, yaani badala ya "Kariakoo watu wamejaa balaa" sema "Kariakoo leo watu si wachache", au "mauzo si haba", uzito anajiongezea mwenyewe na hapo ndo utamu ulipo.

Ila angalia, "pilau si mbaya" ukimwambia mtu ana kwa ana sauti inakusaidia, kwenye meseji sauti hamna, mpishi anaweza kudhani hujaridhika, kwa hiyo ongezea kitu, "pilau si mbaya shangazi, nimerudia sahani". Na usirundike, "si kwamba hakukosa kupendeza", hapo mtu anapotea kabisa.