Somo: Jinsi ya kusomea kuandaa na kusimamia mikutano na makongamano ya kibiashara, hatua kwa hatua

Habari zenu wakuu. Watu wengi wameniuliza kwa nyakati tofauti hii fani ya kuandaa makongamano na maonesho ya kibiashara inasomwaje, nikawa najibu mmoja mmoja, sasa naona niweke yote hapa ili hata anayekuja kesho akute. Nimeifanya hii kazi miaka kumi na moja, nilianza kwa kugawa beji mlangoni, kwahiyo mengi ntakayosema nimeyashika kwa mikono yangu.

Kabla hujaomba chuo chochote elewa kwamba hii sio fani ya mapambo. Mapambo yapo ila ni sehemu ndogo sana. Kwenye harusi watu wanakuja kwa mapenzi, maiki ikizima watapiga vigelegele na shughuli itaendelea. Kwenye kongamano mtu amelipa kiingilio, amelipa nauli na hoteli, ameacha ofisi yake siku tatu, alafu kuna mdhamini amelipa ili jina lake lionekane, na kuna mwenye shughuli aliyekuajiri, wote hao wanakudai kitu. Vitu viwili ndo vinakulinda: mkataba na ratiba ya dakika. Ukiniuliza nini nisome mpaka nikiote usiku, ntakwambia hivo viwili.

HATUA YA 1: Ijue familia yenyewe

Duniani wanaiita MICE, yaani mikutano, safari za motisha ambazo kampuni inawapa wafanyakazi au mawakala waliofanya vizuri, makongamano, na maonesho. Usiyachanganye, kila moja ina hesabu yake ya hela. Maonesho yanaishi kwa kuuza nafasi za mabanda, kongamano la chama cha wataalamu linaishi kwa viingilio na wadhamini, mkutano wa ndani wa kampuni hauingizi chochote, unatumia tu, na safari ya motisha inapimwa kwa mauzo yaliyopatikana kabla ya watu kusafiri.

Historia kidogo inasaidia. Yale maonesho makubwa ya London mwaka 1851 yalipata wageni kama milioni sita, na mwaka 1896 wafanyabiashara wa Detroit kule Marekani walianzisha ofisi ya kuvutia makongamano mjini kwao kwa sababu waligundua mgeni wa kongamano analala, anakula na kununua vitu. Leo miji kibao ina ofisi kama hizo, na ukiwa unatafuta ukumbi ndo sehemu ya kwanza kupiga hodi maana huduma zao mara nyingi ni bure kwa muandaaji. Kuna pia ICCA, chama cha kimataifa cha mikutano na makongamano cha tangu 1963, wao kwenye hesabu zao wanatambua kongamano la chama kama lina washiriki angalau 50, linafanyika kwa kujirudia, na linazunguka nchi zisizopungua tatu. Hicho kipimo kijue, kitakusaidia kuelewa kwa nini miji inagombania baadhi ya makongamano na mengine haiyajali.

HATUA YA 2: Chagua njia ya kusoma

Hapa ntapita haraka. Kuna digrii na diploma za usimamizi wa iventi, kuna watu wametokea hoteli na utalii, wengine masoko, wengine uhasibu. Zote zinafika. Ukiwa unalinganisha vyuo usiangalie picha za jengo, omba orodha ya masomo, kama hakuna somo la mikataba, hakuna bajeti, na hakuna mafunzo kazini, hicho chuo kitakupa cheti tu.

HATUA YA 3: Jifunze kuuliza kusudi

Zoezi la kwanza kabisa nalowapa vijana: chukua tangazo lolote la kongamano, andika sentensi moja inayosema mtu atatoka pale akiwa amepata nini ambacho hakuwa nacho. Ukishindwa, basi hata muandaaji hajui. Wateja wengi wanakuja wanasema tunataka ukumbi wa watu 400, hapo usikimbilie ukumbi, uliza kwanza hao 400 wanakuja kufanya nini, maana kama wanakuja kukutana na wanunuzi wa bidhaa zao basi unahitaji meza ndogondogo na nafasi ya kuzunguka, sio viti 400 vinavyoangalia jukwaa.

HATUA YA 4: Bajeti

Tenga gharama zisizobadilika (ukumbi, jukwaa, mitambo ya sauti, taa na skrini, matangazo) na zile zinazopanda kwa kila kichwa (chakula, beji, begi la mshiriki). Chukua sarafu yoyote: zisizobadilika ni 30,000, kila mshiriki anakugharimu 60, kiingilio ni 160. Kila kichwa kinabakiza 100, kwahiyo unahitaji watu 300 ndo urudishe hela. Mtu wa 301 ndo faida. Hesabu hii fanya kabla ya kuchagua ukumbi, sio baada. Na weka akiba ya dharura, wengi tunaweka kama asilimia kumi.

HATUA YA 5: Jifunze kuusoma ukumbi

Beba futi kamba. Usiamini ule mchoro wa hoteli unaosema watu 500, mara nyingi wamehesabu viti vimebanana, hakuna jukwaa, hakuna meza ya fundi mitambo, hakuna kitu. Vipimo vya kukariri: viti vitupu vinavyotazama mbele, weka kama mita moja ya mraba kwa mtu. Viti na meza kama darasani, mita moja na nusu mpaka mbili. Meza ya duara ya kipenyo cha mita 1.8 inakaa watu 10, ya mita 1.5 inakaa 8. Skrini, mtu wa nyuma kabisa asizidi mara nane ya urefu wake wa kwenda juu, yaani kama kiti cha mwisho kiko mita 24 basi skrini iwe na kimo cha mita 3, na wa mbele asikae karibu zaidi ya mara mbili ya kimo hicho. Alafu angalia nguzo, angalia mlango wa kuingizia mizigo una upana gani na lifti inabeba kilo ngapi, simama katikati upige makofi usikie mwangwi.

HATUA YA 6: Mkataba (hapa tulieni)

Ntawapa kisa changu. Nikiwa msaidizi, tulikuwa na kongamano la siku tatu, tukashikilia vyumba 200 kwa usiku tatu, yaani vyumba 600 kwa hesabu ya usiku. Mkataba wa hoteli ulikuwa na kifungu cha vyumba pungufu, wenyewe wanaita atrisheni, kinasema lazima tutumie asilimia 80 ya tulichoshikilia, chini ya hapo tunalipa tofauti. Asilimia 80 ya 600 ni 480. Watu walipokuja vikatumika 420. Tukalipia vyumba 60 ambavyo hakuna mtu aliyelala.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Ukurasa wa tisa wa mkataba huohuo ulituruhusu kupunguza asilimia kumi bila malipo mpaka siku 60 kabla ya kongamano. Siku 70 kabla ya kongamano orodha ya waliojiandikisha ilishaonesha wazi kabisa hatufiki, na orodha ilikuwa kwangu. Hakuna aliyefungua ukurasa wa tisa. Tungepunguza tungebaki na 540, asilimia 80 yake ni 432, tungelipia vyumba 12 tu badala ya 60. Toka hiyo siku, mkataba ukisainiwa tu, kabla sijanyanyuka kwenye kiti nahamisha kila tarehe iliyomo kwenye kalenda na naweka kikumbusho wiki moja kabla ya kila moja.

Vifungu vingine vya kusoma kwa kidole: kiwango cha chini cha chakula na vinywaji unachotakiwa kufikisha, ngazi za malipo ukivunja (kadri siku zinavyokaribia ndo zinapanda), nani analipia umeme wa ziada na kazi za usiku, kama unaruhusiwa kuleta fundi wako wa mitambo au unalazimishwa wa kwao, na kifungu cha majanga yasiyozuilika.

HATUA YA 7: Ratiba ya dakika

Ile ratiba wanayopewa washiriki ni tofauti na ratiba yenu ya kazi. Ya washiriki inasema "ufunguzi saa tatu asubuhi". Ya kwenu inakuwa hivi: 08:40 mtoa mada yuko chumba cha nyuma, 08:46 fundi anampachika maiki ya kifuani na kuijaribu, 08:50 rimoti ya slaidi mkononi kwake, 08:57 muziki unashuka, 08:58 mshereheshaji anapanda, 09:00 taa za ukumbini zinapungua. Kila mstari una jina la mtu mmoja anayehusika, sio "timu". Ukiandika timu, hakuna atakayefanya.

Na jambo moja kwetu sisi tunaosema Kiswahili, kwenye ratiba ya kazi andikeni saa kwa mfumo wa masaa 24. Saa mbili yetu na saa mbili ya mgeni sio moja. Nimeshaona gari la kumfuata mgeni rasmi linafika uwanja wa ndege masaa sita nje ya muda kwa sababu ya neno "saa mbili" kwenye meseji.

HATUA YA 8: Nenda kajitolee

Omba kusaidia hata dawati la usajili. Ukae pale saa ya kwanza ya asubuhi ya siku ya kwanza, uone foleni inavyojengeka kwa sababu ya watu wachache tu ambao majina yao yamekosewa, na kwa nini tunaweka dawati la pembeni la wenye matatizo ili mstari mkuu usisimame. Kitabu hakitakupa hiyo.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu ubarikiwe kwa somo. Mimi nimeishia sekondari, sina digrii, naweza kweli kuingia hii fani?

Jibu: Unaweza ndugu yangu. Anzia kazi zinazoonekana, usajili, stoo ya vifaa, msaidizi wa fundi mitambo. Ila jifunze eksel vizuri na uandishi wa barua pepe za kikazi, hivo viwili ndo vinawakwamisha wengi kupanda, sio digrii.

Swali: Na ile CMP nayoisikia, niifanye mapema au nisubiri?

Jibu: Subiri kidogo. CMP ni cheti cha kimataifa cha waandaaji wa mikutano, kipo toka 1985 na kinasimamiwa na Events Industry Council. Hawakuruhusu mtihani mpaka uwe na uzoefu kazini, njia ya kawaida ni miezi 36 ya kazi ya muda wote, na ukishakipata unakihuisha kila miaka mitano. Kwahiyo kuanzia leo tunza ushahidi wa kila iventi, barua za ajira, majukumu yako, tarehe. Watu wanafika muda wa kuomba hawana hata karatasi moja.

Swali: Kaka nina ukumbi wa mita 12 kwa 15, mteja anataka watu 120 wakae na meza za kuandikia. Wanaenea?

Jibu: 12 mara 15 ni mita za mraba 180. Toa jukwaa, meza ya mitambo na njia za kupita, tuseme 30, unabaki na 150. Meza za kuandikia ukiweka mita 1.6 kwa mtu unapata kama 93. 120 hawaenei vizuri. Ama mteja akubali viti bila meza, ama mtafute ukumbi mwingine, na mwambie sasa hivi wakati bado hajasaini. Na hakikisha milango ya dharura haizibwi na kiti hata kimoja.

Swali: Kongamano letu lina lugha mbili, bosi anasema mkalimani mmoja anatosha sababu ni siku moja tu. Naomba ushauri.

Jibu: Hatoshi dada. Ukalimani wa papohapo unafanywa na wawili kwa kila kibanda, wanapokezana kila baada ya kama dakika 20 mpaka 30 kwa sababu ubongo unachoka, na mtu akichoka anaanza kuruka maneno bila hata kujijua. Vibanda vya kuhamishika vina viwango vyake, ISO 4043. Viwekwe sehemu ambayo mkalimani anaona jukwaa na skrini kwa macho yake, na mpelekeeni slaidi na hotuba mapema. Mwambie bosi wageni wenye vifaa vya masikioni ndo wametoka mbali zaidi.

Swali: Kifungu cha majanga yasiyozuilika kama kimeandikwa tu "magonjwa", kinatosha?

Jibu: Swali zuri sana hili. Kumbukeni Februari 2020, maonesho ya simu ya Barcelona, MWC, yalifutwa tarehe 12 wakati yalitakiwa kuanza tarehe 24. Makampuni makubwa yalikuwa yameshajitoa, lakini tangazo la WHO kuita korona janga la dunia lilikuja tarehe 11 Machi. Sasa jiulize, kwa mkataba wako, katika hicho kipindi cha katikati ungekuwa unalindwa? Neno "magonjwa" peke yake linaacha ubishi. Dai maneno yanayotaja serikali kuzuia mikusanyiko, vizuizi vya safari, na sehemu fulani ya washiriki kushindwa kufika, weka na asilimia yake. Alafu kiandikwe wazi hela uliyotanguliza inarudi au inahamia tarehe nyingine. Na mwanasheria apitie, hiyo sehemu hata mimi siisaini peke yangu.

Swali: Naomba mfano wa hiyo ratiba ya dakika ina safu gani nitengeneze ya kwangu.

Jibu: Safu saba: saa ya kuanza, dakika ngapi, kinachotokea, mahali, anayehusika (jina moja na simu yake), mahitaji ya sauti na taa na slaidi, na ya mwisho tukikwama tunafanya nini. Hiyo ya saba wengi wanaiacha tupu. Ijaze ukiwa nyumbani umetulia, maana ukiwa nyuma ya jukwaa mtoa mada hajafika na dakika zimebaki nne hutapata wazo lolote.