Kuwasha AC ya paa kwa mara ya kwanza: kompresa iwe ya mwisho

Mtambo wa paa, ule wa boksi moja wenye kompresa, feni na koili zote pamoja, hauwashwi kama AC ya ukutani. Ukibonyeza tu ukasubiri baridi, unaweza kuua kompresa kabla hujashuka ngazi. Mfano wangu hapa ni mtambo wa tani 10, yaani kama kilowati 35, wa gesi R-410A na kompresa mbili, unaopoza na kupasha joto, juu ya paa la ukumbi Dar es Salaam. Arusha na Nairobi utaratibu ni huohuo, panapotofautiana nitasema.

Mpangilio wangu haubadiliki: umeme, saketi ya amri (nyaya za volti ndogo zinazopeleka amri za termostati), upepo, halafu kompresa.

Hatua ya 1: Siku moja kabla

Ondoa vifungio vya safari kama vipo, kaza skrubu za nyaya (zinalegea njiani, usibishe), kisha washa swichi kuu huku termostati ikiwa imezimwa. Acha hivyo saa 24. Chini ya kila kompresa kuna hita ndogo. Mtambo ukikaa muda mrefu, gesi hujificha ndani ya oili. Ukiuwasha ghafla, oili inachemka povu na vyuma vinasagana vikavu. Hita inaifukuza gesi hiyo.

Kesho yake panda alfajiri, ushike kompresa pale chini. Iwe na uvuguvugu kuliko bati lililo jirani. Ukichelewa hadi saa sita mchana kila kitu juu ya paa kinachoma mkono, na hutajua kama ni hita au ni jua.

Hatua ya 2: Fezi tatu, na jenereta

Pima volti L1 na L2, L2 na L3, L1 na L3. Tarajia kwenye 400 hivi, kisha tazama tofauti zake. Tuseme umepata 404, 400 na 384. Wastani ni 396. Iliyo mbali zaidi imepungukiwa 12. 12 gawanya kwa 396 ni 3%. Watengenezaji wengi hawataki izidi 2%, kwa sababu mota zinapata moto bure. Usiwashe. Rudi kwenye ubao mkuu ukagawe upya mizigo ya fezi moja.

Sasa mzunguko wa fezi, yaani zamu ambayo fezi tatu zinafuatana, na hapa tulia. Kompresa za skroli (zinazokandamiza gesi kwa vyuma viwili vya mzingo) zinafanya kazi upande mmoja tu. Zikizungushwa kinyume hazisukumi gesi: mishale ya geji za presha inabaki palepale, ampia ziko chini kuliko kawaida, na unasikia kelele ya kokoto kwenye sufuria. Usijipime kwa feni za kondensa (koili ya nje inayotoa joto), nyingi ni za fezi moja na zitazunguka vizuri hata fezi zikiwa zimevurugika. Feni ya ndani nayo ni mwongo. Ikizunguka kinyume bado inatoa upepo mlango uleule, ila mchache. Tazama mshale uliochorwa kwenye ganda lake, au tumia kipimo cha mzunguko wa fezi, ambacho si ghali.

Ukikuta kinyume, badilishana nyaya mbili kati ya tatu pale umeme unapoingia kwenye mtambo. Nyaya za kompresa ziache. Kiwandani mota zote zimeshapangwa zikubaliane.

Halafu omba jenereta iwashwe, upime tena. Hili nimelilipia. Kuna ukumbi nilipima kila kitu kwa umeme wa gridi, nikakabidhi, nikaondoka na hela yangu. Jumamosi, harusi ikiwa katikati, umeme ukakatika, jenereta ikashika. Haikuchukua muda msimamizi akanipigia: "Fundi, huku juu kuna kitu kinasaga mawe." Fezi za jenereta zilikuwa zimefungwa kinyume na za gridi, na mtambo ule haukuwa na rilei ya kulinda fezi, kifaa kinachozuia mtambo kuwaka fezi zikiwa kinyume. Nilimwambia azime mtambo mzima, maharusi wakamalizia sherehe kwa feni za kukodi.

Kosa la namna hiyo linarekebishwa upande wa jenereta, kwenye swichi ya kubadilishia umeme. Ukilirekebisha kwenye mtambo, jenereta itapona na gridi itageuka kinyume. Na mtambo wenye rilei ya fezi ukigoma kuwaka, usiiruke kwa kipande cha waya eti "tujaribu kidogo".

Hatua ya 3: Saketi ya amri

Pima kati ya R na C, skrubu mbili za umeme wa amri unaotoka kwenye transfoma. Unatafuta volti 24 hadi 27 za AC. Zikiwa pungufu, angalia kama transfoma ina matawi ya volti tofauti na kama limefungwa lile linalolingana na umeme wako.

Bodi, yaani kadi ya umeme inayoendesha mtambo, ina taa inayomweka lakini hakuna kinachotii? Kabla ya kuihukumu bodi, tafuta vipande vifupi vya waya vinavyounganisha skrubu mbilimbili. Kimoja ni cha kuzima mtambo kutoka mbali, kingine cha kitambua moshi. Wanaofunga dakti (njia za hewa) hupenda kuving'oa wakidhani ni mabaki. Kikikosekana, bodi inajua imeamriwa kuzima. Lakini kama kitambua moshi kipo, kiunganishe chenyewe, usikirukie.

Kwenye termostati, G ni feni, Y1 na Y2 ni kompresa ya kwanza na ya pili, W ni hita ya umeme kama ipo. O au B ni valvu inayogeuza mtambo kutoka baridi kwenda joto. O hupata umeme wakati wa kupoza, B wakati wa kupasha. Ukichagua isiyo yake, utaomba baridi upewe joto.

Hatua ya 4: Upepo

Kutoka termostati, omba G peke yake. Filta ziwe safi, mkanda uwe umenyooka kati ya puli zake, milango ya mtambo iwe imefungwa. Kadirio la kuanzia ni lita 190 kwa sekunde kwa kila tani, hivyo kwetu ni kama 1,900. Ukikaza puli ya mota kuongeza mwendo, pima ampia papo hapo ulinganishe na kibati cha mota. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Feni ileile inabeba hewa pungufu kwa uzito, kwa hiyo usitarajie tani 10 kamili.

Hatua ya 5: Kupoza

Omba Y1. Mtambo usipoitika papo hapo usifungue kitu, bodi nyingi zinachelewesha kompresa dakika 3 hadi 5 ili isiwake na kuzima ovyo. Subiri dakika 15 halafu soma geji. Nje kukiwa na nyuzi 33, upande wa presha ya chini huwa kwenye psi 120 hadi 145, upande wa presha ya juu 350 hadi 420. Kisha zima, urudie kwa Y2 peke yake, halafu zote mbili.

Hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayorudi kwa nyuzi 8 hadi 12. Pwani unyevu ukizidi, tofauti inashuka, maana koili inatumia nguvu kukamua maji. Hapo ndipo mwenzetu anapokimbilia mtungi aongeze gesi. Gesi ilipimwa kiwandani kwa uzito. Hakikisha upepo kwanza.

Hatua ya 6: Joto

Hata Dar lijaribu, ila kwa dakika chache na macho kwenye geji ya juu, kwa sababu nje kukiwa na nyuzi 32 presha inapanda haraka. Arusha litafanya kazi kweli asubuhi za Juni na Julai.

Hatua ya 7: Mipangilio

Weka nyuzi 24 watu wakiwemo, na kati ya kuanza kupoza na kuanza kupasha acha angalau nyuzi 3. Usiku weka feni kwenye AUTO. Ikiachwa ON, kompresa ikizima, feni inarudisha ukumbini maji yaliyobaki kwenye koili, na zulia linanuka. Paa likiwa na mitambo miwili, tofautisha ucheleweshaji wake wa kuwaka, isije yote ikaivamia jenereta kwa pamoja.

Mwoneshe msimamizi taa ya bodi na mwambie ahesabu inavyomweka kabla hajakupigia. Volti, ampia na presha ulizopata, ziandike kwa maka peni ndani ya mlango wa boksi la umeme, za gridi safu moja, za jenereta safu ya pili. Karatasi hupotea.